Banda Linalohama

Februari nguchiro alichukua kumi na mmoja.
Hakuacha hata unyoya wa kusimulia,
ila shimo chini ya ukuta, duara kama kikombe,
na jogoo mmoja juu ya paa la jiko
aliyegoma kuwika hadi Kwaresima.

Nikakaa na penseli ya mtoto na karatasi ya sukari,
nikachora nyumba isiyolala mahali pamoja.
Mwizi hujifunza njia.
Ukiihamisha njia kila asubuhi
mwizi naye huanza darasa la kwanza.

Mbao ni paini, nyepesi, niweze kusukuma peke yangu.
Magurudumu ni ya toroli la marehemu Anaeli,
toroli lililobeba saruji ya nusu ya nyumba za Machame
na halikujenga ya kwetu ikaisha.
Wavu siutaki ule wa dukani wenye macho makubwa,
kicheche hupitisha mkono humo
akavuta kichwa cha kifaranga kama mtu achumaye nyanya.
Nilikwenda chama cha msingi, nikanunua kwa kilo
wavu wa vichanja vya kukaushia kahawa,
uliolala ghalani tangu bei ilipoanguka.
Umezoea kuzuia punje,
sembuse ukucha.

Fundi Ndelilio akauliza, kuku watapanda gari waende wapi?
Nikamwambia, wewe pima.

Upande wa mlima ziba kabisa.
Baridi ya Juni hushuka huku bila hodi,
na ukungu wake unalowesha hata kiberiti mfukoni.
Upande wa tambarare acha wazi, hewa itoke,
samadi ikifungiwa inachoma macho,
na kifua cha kuku si kipana, ni kiganja.
Bati juu, magome ya mgomba chini yake,
jua la Januari lisije likawaoka kabla ya sikukuu.
Pembeni chini, shona sketi ya wavu, futi nzima,
ilale juu ya nyasi;
achimbaye aanze kuchimba, akutane na waya.

Na siafu? akauliza.
Hapo nilinyamaza.
Siafu hawana mlango.
Tulipaka grisi kwenye ekseli, tukamwaga majivu,
mengine nikayasema kimoyomoyo.

Lakini tulisahau jambo moja, mimi na Ndelilio,
waliozaliwa hapahapa:
Machame imeinama.
Huku hata chai mezani huegemea kusini.

Usiku wa tatu jiwe likateleza.
Nilisikia kelele za kuku zikiondoka,
zikipungua, kama harusi inayopita barabarani.
Nikatoka na khanga moja.
Banda lilikuwa likishuka kati ya migomba,
likaruka mfongo, likalala mzimamzima
kwenye masale ya Ndetaulwa,
ambaye hatujasalimiana miaka sita
kwa ajili ya hatua mbili za ardhi.
Na hatua zenyewe ndizo hizo.

Alikwisha kufika, tochi mkononi, kandambili za watu wawili tofauti.
Akamulika ndani.
Wamo wote?
Tukahesabu, yeye kwa Kimachame,
mimi kwa Kiswahili, tukapishana kwenye saba,
tukarudia.
Kumi na wanne. Yai moja limepasuka.
Lina breki? akauliza.
Halina.
Akasonya. Fundi gani huyo.

Sasa lina kabari ya mti wa mkahawa,
kachonga yeye, kaitundika kwa kamba ya katani
ili nisisingizie kwamba imepotea.
Kila asubuhi nasukuma urefu wa banda moja.
Nyuma linaacha mstatili mweusi, uliochakurwa,
wiki tatu baadaye mstatili wa kijani kikali,
unaonekana hata kutoka barabarani.
Alhamisi huwa tuko mpakani.
Mchicha uliojiotea pale anachuma yeye, nachuma mimi.
Habari ya hatua mbili hatujaigusa.

Nguchiro bado anakuja.
Naona nyayo zake kwenye umande:
zinazunguka mstatili wa jana,
zinasimama,
zinauzunguka tena.